Shamba limekuwa msitu, na mimi nina Jumamosi moja tu

Mwalimu wa Ndosho, hapa Goma,

Barua yako ni ndefu na sitaichapa yote, maana mengine uliyoandika ni ya nyumbani kwenu na yabaki huko. Kwa wasomaji nitasema machache. Mwandishi ni mwalimu wa shule ya msingi, zamu ya asubuhi. Akitoka darasani anauza makala ya kupikia na samaki wadogo wa sambaza mbele ya parseli wanamoishi mpaka jioni. Ana watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Bwana wake ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, anatoka kabla ya jua na kurudi usiku. Mama mkwe anaishi nao. Marehemu baba mkwe aliacha shamba la mita 50 kwa 20 nyuma ya Mugunga, upande wa Lac Vert, na familia ililihama vita vilipokaribia Sake. Sasa mama mkwe amemkabidhi yeye, akisema shamba la marehemu lisipotee. Matete yamempita kichwa. Alifyeka upande mmoja, akarudi baada ya majuma machache akakuta majani yamesimama tena. Siku ya kikao cha familia, mama mkwe akasema mbele ya watu kwamba shamba la bwana wake limekufia mikononi mwa msomi. Shemeji naye akadakia: basi nipeni mimi.

Mwalimu anauliza: "Niliache nionekane mvivu, au niendelee mpaka mgongo uvunjike?"

Naanza na lile neno la kikaoni, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko matete yenyewe. Shamba hilo halikufia mikononi mwako. Ulipolishika lilikuwa limeshalala misimu kadhaa, na walioliacha hawakuwa wavivu, walikuwa wanaokoa roho zao. Mugunga ni ardhi iliyozoea mambo hayo. Mwaka 1994 ilijaa wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 2008 ikajaa watu wa Masisi na Rutshuru waliokimbia vita, mwaka 2012 vivyo hivyo, na kuanzia 2022 mahema yakarudi mpaka kambi zilipobomolewa Februari 2025, vita vilipokwisha kuingia mjini. Kati ya kambi moja na nyingine watu walilima, wakavuna, wakakimbia tena, na majani yakachukua nafasi yao. Mama mkwe wako anayajua haya kuliko mimi na wewe. Nadhani aliposema maneno yale hakuwa anakutazama wewe hata kidogo. Alikuwa anamlilia bwana wake, na wewe ndiye uliyekuwa umekaa karibu. Hilo halifanyi neno lake kuwa la haki, ila linaweza kukusaidia usilibebe kana kwamba ni hukumu.

Sasa tuhesabu, maana wewe ni mwalimu. Mita 50 kwa 20 ni mita za mraba 1,000, yaani ari 10. Una Jumamosi asubuhi, na hiyo pia inaliwa na kazi za pamoja za salongo, msiba, au mtoto mwenye homa. Huko Uingereza, ambako manispaa huwakodishia wakazi wa mjini vipande vya kulima mboga, kipimo cha zamani cha kipande kimoja ni karibu mita za mraba 250, na siku hizi manispaa nyingi humpa mgeni nusu ya hicho na sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya waliopewa kizima waliishia kukiacha kiote majani. Hao ni watu wenye maji ya bomba pembeni na barabara isiyo na vita. Wewe umepewa vinne vya namna hiyo, juu ya mawe ya volkano, ukiwa na mtoto mgongoni. Kazi uliyopewa ni ya kundi la watu, ukapewa peke yako. Kwa hiyo swali lako la kuacha au kuendelea nalikataa kwanza. Utaendelea, lakini si na shamba lote.

Ungeniambia kwamba huitaki ardhi hiyo, ningekujibu mara moja: irudishe, lala usingizi. Lakini katikati ya barua uliandika sentensi moja ambayo nadhani hukuipa uzito. Ulisema ukiwa shambani ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu anayekuita. Na ukasema watoto waliuliza kama mwaka huu mtakula maharagi yenu wenyewe. Mtu asiyelitaka shamba haandiki hivyo. Unalitaka. Usichokitaka ni lile shamba lililomo kichwani mwa familia, la ari 10 zilizolimwa safi kama enzi za marehemu, alipokuwa na wana wazima wanne wa kushika majembe.

Kabla ya habari ya mbegu, nisikilize vizuri, kwa sababu kuna mambo ambayo hukuyagusa katika barua na yananitia hofu.

La kwanza ni vyuma vya vita. Shamba lako liko kwenye njia ya Sake, mahali palipopiganiwa na palipokaa watu wenye silaha. Nyasi ndefu zinaficha kila kitu. Ulifyeka upande mmoja bila kuuliza mtu, nami namshukuru Mungu kwamba umeniandikia ukiwa mzima. Usifyeke tena hatua moja mpya kabla hujaongea na shefu wa avenue na majirani waliokwisha kurudi kulima. Waulize palipigwa wapi, palikaa nani, palichimbwa mahandaki wapi, kuna ng'ombe au mbuzi aliyelipukiwa. Ukikuta chuma usichokijua, hata kiwe kidogo kama tochi, hata kiwe kimeshika kutu, usikiguse, usikirushie jiwe, usikifukie. Simama, rudi kwa nyayo zako mwenyewe, weka alama mbali nacho, mwambie shefu na watu wa Msalaba Mwekundu. Watoto wasikanyage huko mpaka ujue.

Na moto usiwashe. Najua huku kwetu mtu akishindwa na kichaka anakitia kiberiti, na jirani yako mmoja ameshakushauri hivyo. Joto linaweza kulipua kitu kilicholala ardhini miaka mingi. Hata kama pasingekuwa na vyuma, moto unateketeza yale majani ambayo udongo wetu mwembamba unayahitaji kuliko kitu chochote. Majivu yanasaidia msimu mmoja, halafu unabaki na mawe.

La pili ni mazuku. Wewe ni mzaliwa wa Goma, unayajua, lakini nimeona jinsi unavyopanga: unataka kufika alfajiri ili urudi mapema sokoni. Upande wa Lac Vert na Bulengo, mpaka kando ya ziwa, una mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini na kutulia. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, haina harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa haujaamka, inajaa bondeni kama maji. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, akiinama kung'oa anavuta. Mtoto aliyelazwa kwenye kitenge kivulini yuko chini kabisa, mahali ilipo nyingi zaidi. Hewa yenye asilimia 10 ya gesi hiyo inatosha kumwangusha mtu bila fahamu, na kwenye mazuku inaweza kuzidi hapo kwa mbali. Angalia kama shambani mwako kuna shimo au bonde ambalo nyasi zimekauka bila sababu, au unakuta panya, ndege na wadudu waliokufa. Waulize wazee. Watu wa Observatoire Volcanologique ya Goma wanazifahamu sehemu nyingi, na penye vibao vya tahadhari usipite. Bonde la namna hiyo liache milele, hata kama udongo wake ni mzuri. Nenda shambani jua likiwa limeshapanda na upepo umeanza, usilaze mtoto chini, na ukimwona mtu ameanguka bondeni usimkimbilie peke yako, maana anayemfuata huanguka juu yake.

La tatu nitalisema haraka. Pembeni mwa shamba lako palikuwa na vibanda, kwa hiyo palikuwa na vyoo. Mashimo yaliyofukiwa juujuu yanaweza kudidimia chini ya mguu. Yatafute, yawekee mawe kuzunguka, na hapo usipande mboga ya kula mbichi. Mgomba utafaa hapo baadaye.

Haya yakishajulikana, sasa tuongee kilimo.

Pima mita 10 kwa 10, upande ulio karibu na njia na jirani anayelima. Weka mawe pembe nne, mawe hayatakupungukia. Hiyo ari moja ndiyo shamba lako mpaka mwaka uishe. Mtu akikuuliza shamba linaendeleaje, jibu juu ya hiyo ari moja tu. Zile tisa zingine hujazishindwa. Zinangoja, na zikingoja chini ya majani udongo wake hauchukuliwi na mvua. Nimewaona watu wengi wakifyeka eneo kubwa siku moja kwa hasira, na kila mara linawashinda, kwa sababu ardhi iliyo wazi isiyopandwa inaota magugu upya kabla hawajarudi. Fyeka kile unachoweza kupanda ndani ya juma hilohilo, zaidi ya hapo hapana.

Barua yako imenifika Mei, na huo ni wakati mzuri kuliko unavyodhani. Mwanzoni mwa Julai shule zinafunga, na Julai na Agosti ni kiangazi. Wewe unaona likizo kama wakati wa kuuza makala zaidi. Toa asubuhi chache za likizo hiyo uzipe ile ari moja. Jua la kiangazi litakusaidia kazi ambayo mvua ilikuwa inakuharibia. Ulipofyeka mwezi wa Machi, matete uliyoyaacha chini yalipata maji na kutoa mizizi kwenye kila kifundo, ndiyo maana ulirudi ukayakuta yamesimama. Safari hii ng'oa shina zima na mizizi, na usiliache kwenye udongo. Lianike juu ya mawe meusi ya lava, ambayo mchana yanachoma, likauke kabisa. Sangari nayo, ile nyasi yenye mizizi mirefu myeupe inayotambaa chini, usiikatekate kwa jembe, maana kila kipande kinaota. Tumia jembe la meno, inua taratibu, vuta uzi wote, anika. Hii ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Ndiyo sababu nimekupimia ari moja.

Majani laini ya matete, yale ambayo bado mabichi, usiyatupe. Mtaani kwenu Ndosho kuna vijana wanaofuga sungura na simbilisi ndani ya parseli, na kila siku wanatafuta majani. Zungumza nao. Wao wakate upande uliokwisha kuhakikiwa kwamba hauna vyuma, wachukue bure, na kila wakija wakuletee gunia la samadi. Matete yanayokatwa mara kwa mara hayapati nguvu ya kuenea, na wewe hujalipa mtu faranga hata moja. Nakusihi ulijaribu hili kabla ya kukodi vibarua, kwa sababu umeniambia tangu benki zilipofungwa Januari 2025 mshahara umekuwa kitu cha kungoja.

Uliniuliza pia juu ya ile miti ya maua ya njano kama alizeti iliyojaa mpakani. Hiyo ni mali. Kata matawi yake laini kabla hayajatoa mbegu, yakatekate, yafukie kwenye udongo siku kadhaa kabla ya kupanda. Majani yake yanaoza upesi na yana chakula kingi cha mimea. Vijiti vigumu usivifukie, vinaota.

Mvua zikirudi Septemba, panda vitu ambavyo havikuulizi ulikuwa wapi jana. Hapa ndipo nadhani ulikosea mpango tangu mwanzo. Uliandika kwamba ulipanda lengalenga, vitunguu na nyanya, mboga zinazotaka jicho la kila siku na maji, mahali ambapo unafika mara moja kwa juma na hakuna mto. Lava inakunywa maji yote, na bidoni la lita 20 kulipandisha kutoka ziwani ni adhabu. Mboga hizo zirudishe nyumbani. Watu wengi wa Goma ambao parseli zao ni mwamba mtupu wanalima ndani ya magunia: udongo na samadi, mawe madogo katikati ya kupitisha maji, mboga juu na ubavuni. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha. Lengalenga utaanza kuivuna kabla ya kutimia miezi miwili.

Shambani weka viazi vitamu na maharagi. Viazi vitamu vikishatandaza majani, magugu hayapati jua, na ukifika Jumamosi unachuma matembele hata kama mizizi bado. Unavichimba kidogo kidogo kadiri ya njaa, kwa hiyo mwizi hapati vyote kwa usiku mmoja. Maharagi mafupi yanakaa karibu miezi mitatu tu. Yapalilie vizuri majuma manne ya kwanza, hapo ndipo yanashinda au yanashindwa. Yale ya kupanda juu ya miti yanazaa zaidi kwenye eneo dogo, lakini yanataka vijiti na muda mrefu, basi uyaache mpaka msimu wa Februari. Mabua ya matete yaliyokauka kabisa juu ya mawe yatakuwa vijiti vyako. Tia na maboga pembeni. Mahindi nakukataza mwaka huu. Yanavutia wezi na yanakula nguvu ya udongo ambao haujapona.

Kuna ile migomba ya marehemu iliyo katikati, ambayo mama mkwe hataki iguswe. Iguse kwa heshima, lakini iangalie. Tangu mwaka 2001, ugonjwa wa kunyauka uliposhika migomba ya Masisi, umeua migomba mingi katika Kivu yetu. Ukikata shina likatoa usaha wa njano, au ndizi zikaiva kabla ya wakati na ndani zimekuwa kahawia, mgomba huo ni mgonjwa. Kata ule mmoja chini kabisa, uache uoze palepale, na kisu chako ukipitishe kwenye moto au dawa ya klorini kabla hujagusa mwingine. Moto huo uuwashe nyumbani, au beba chupa ya klorini. Nimeshasema shambani usiwashe. Migomba mizima itolee ua la mwisho kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu. Mwambie mama mkwe kwamba unaitunza migomba ya bwana wake. Ni kweli, na atakusikia.

Na sasa watu.

Umeandika kwamba bwana wako anasema shamba ni kazi ya wanawake. Sitabishana naye juu ya desturi. Nitamuuliza hesabu. Pikipiki anayoendesha si yake, na kila jioni lazima apeleke fedha ya mwenye pikipiki, kwa hiyo naelewa hawezi kuacha kazi siku nzima. Lakini samadi inasafiri kwa pikipiki. Mbegu inasafiri kwa pikipiki. Mawe manne ya mpaka yanataka mgongo wa mwanaume kwa saa moja. Na mkubwa wenu, mvulana wa miaka 14, unamwacha acheze mpira kila Jumamosi wakati binti wa 12 anabaki na mtoto, anapika, anafua. Hili, Mwalimu, liko mikononi mwako kulibadilisha, wala halingoji ruhusa ya kikao. Mvulana aje shambani nawe pakishahakikiwa. Binti apate Jumamosi zake mbili kwa mwezi.

Mama mkwe naye ana nguvu ambayo hamjaitumia. Hawezi tena kutembea mpaka Mugunga, lakini anajua mbegu. Mkabidhi magunia ya mboga na kazi ya kuchagua maharagi ya mbegu. Mwulize mbele ya wajukuu ni maharagi gani marehemu alipenda kupanda, na kwa nini. Mtu aliyepewa kazi ya maana nyumbani hana haja ya kutafuta nafasi yake kwenye kikao. Nasema hivi kwa upendo kwake, maana uzee wa kukaa tu mlangoni unauma.

Shemeji. Hapa uwe mpole na uwe imara. Huenda anataka kulima kweli, huenda anataka kuuza. Tangu ardhi ya Goma ipande bei, mashamba mengi ya familia yameondoka hivyo. Usimkatalie. Mpe njia ya kuonyesha nia yake. Mwambie mbele ya wote: wewe chukua ari tatu upande wa juu, uzilime msimu mmoja, mazao yawe yako, ardhi ibaki ya familia. Akizilima, umepata mwenzako na macho mengine ya kulinda. Asipozilima, kila mtu ataona, na wewe hutakuwa umesema neno. Vivyo hivyo na yule mama aliyehamishwa kambini ambaye ulisema anapanga chumba jirani na anaomba mahali pa kulima: mpe ari moja kwa msimu. Yeye aliishi kwa jembe huko Masisi, atakufundisha mengi.

Lakini yote haya yaandikwe. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Dola na sisi tuna haki ya kuitumia, na kwenye haki hiyo mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa. Karatasi moja inatosha: mipaka, nani anatumia wapi, mpaka lini, kwamba hakuna ruhusa ya kuuza wala kupanda miti ya kudumu bila kikao. Miti nimeitaja makusudi, kwa sababu huku kwetu anayepanda miti kesho atasema ardhi ni yake. Mama mkwe atie kidole, bwana wako na shemeji watie sahihi, shefu awe shahidi. Na wewe utie sahihi yako mwenyewe. Tangu sheria ya familia irekebishwe Julai 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya mume kuweka sahihi kwenye jambo kama hilo. Usikubali jina lako likosekane kwenye karatasi ya shamba unalolilima.

Kuna Jumamosi ambazo hutakwenda. Mtoto atakuwa mgonjwa, barabara itafungwa, au utakuwa umechoka tu. Usiende. Viazi vitamu vitakungoja, na hakuna mtu wa kukuandikia ulikosa. Saa ile ambayo hakuna anayekuita uilinde. Ukiigeuza kuwa deni jingine la kulipwa, utakuwa umejinyang'anya kitu ambacho shamba hilo limekupa kabla hata ya maharagi.

Jumamosi hii, basi, jembe libaki nyumbani. Nenda kwa shefu wa avenue na kwa mzee mmoja anayelima jirani, uulize juu ya vyuma, vyoo na mazuku, utembee nao mpaka wa shamba kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, uchague ari yako. Na ninyi wasomaji mnaolima Mugunga, Bulengo na njia ya Sake, mkimwona mama mgeni ameingia kwenye nyasi na mtoto mgongoni, msingoje awaulize. Mwonyesheni mahali pa kutokanyaga.